Upinde wa Roda: Kipimo cha Mwili Kabla ya Bei

Upinde wa roda, ambao mashirikisho ya michezo huuita kompaundi, ni upinde ambao upote wake haufungwi moja kwa moja kwenye ncha za mabawa, bali huzungushwa kwenye roda mbili zilizokazwa kwenye ncha hizo. Pembeni mwa upote hupita kamba nyingine zinazounganisha bawa la juu na la chini. Upote ukivutwa, roda huzunguka, kamba za pembeni hujikunja juu yake, na mabawa hulazimika kupinda. Mabaharia wa majahazi wanaopandisha foromali kwa jarari na gofia wameijua kanuni hiyo kwa karne nyingi: kamba ikipangwa kwenye roda kadhaa, mkono huvuta urefu mkubwa zaidi ili utumie nguvu ndogo zaidi. Tofauti ni kwamba roda za upinde si duara kamili. Zina umbo la yai lililopinda, na kwa sababu hiyo nafuu inayopatikana mwanzo wa mvuto si ile inayopatikana mwisho wake.

Umbo hilo la yai ndilo linaloutenga upinde huu na pinde nyingine zote. Uta wa Mhadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, uliochongwa kwa mti mmoja, huwa mzito kadiri unavyovutwa. Waata wa Tsavo, waliosifika kwa mata mazito ya kuua tembo, walibeba uzito wote vidoleni katika sekunde ile ile waliyohitaji kutulia ili walenge. Kwenye upinde wa roda mambo yamegeuzwa. Uzito hupanda haraka mwanzoni, hufika kilele, hukaa hapo kwa inchi kadhaa, kisha huporomoka karibu na mwisho wa mvuto. Upinde wa ratili 50 wenye nafuu ya asilimia 80 humwachia mvutaji ratili 10 tu za kushikilia anapolenga. Nguvu iliyowekezwa kwenye mabawa haikupotea. Imebaki humo, ikisubiri upote uachiwe.

Aliyebuni mpango huo ni Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, Marekani, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kuipata mwezi Desemba 1969. Wavutaji wa pinde za jadi waliudharau mtambo wake, na wapo wanaoudharau hadi leo. Hata hivyo umeenea duniani. Mashindano ya dunia ya ulengaji wa pinde yaliupokea mwaka 1995. Olimpiki ilichelewa zaidi: tangu mchezo huu uliporudishwa Munich mwaka 1972, upinde wa kawaida wenye ncha zilizorudi nyuma ndio pekee uliokubaliwa, mpaka mwaka 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoidhinisha shindano la timu mchanganyiko za upinde wa roda kwa michezo ya Los Angeles ya 2028. Kwa mchezaji anayeanza sasa, hii ni habari njema, ingawa haimsaidii kuchagua chombo cha kununua.

Kinachomsaidia ni kuelewa jambo moja ambalo wauzaji hulitaja mwisho. Roda ikimaliza mzunguko wake, husimama. Mvutaji huhisi kama upote umegonga ukuta, na wavutaji wenyewe huuita hivyo, ukuta. Upinde wa kawaida hauna ukuta: mtoto anaweza kuuvuta inchi 20 na baba yake inchi 29, na wote wawili wakarusha mshale. Upinde wa roda huwa na urefu mmoja wa mvuto uliofungwa na fundi, na nafuu yake hupatikana hapo tu. Asiyefika hapo hubaki katikati ya kilele, amebeba uzito wote. Ambaye mkono wake ungeendelea nyuma zaidi hujikuta amekunja viungo ili alingane na mashine. Kwa maneno mengine, upinde huu hukatwa kwa mwenyewe, kama kanzu kwa fundi cherehani, na kuuazima kwa jirani si jambo rahisi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni urefu wa mvuto. Kipimo cha awali hupatikana kwa mnunuzi kusimama akiegemea ukuta na kunyoosha mikono pande zote mbili bila kujivuta, viganja vikitazama mbele. Umbali kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ya mkono mwingine hupimwa kwa inchi, kisha hugawanywa kwa 2.5. Mwenye upana wa inchi 69 hupata 27.6, na fundi huanza na 27.5. Kiwanda hakihesabu urefu huo kutoka kwenye mpini hadi kwenye upote pekee. Kanuni ya biashara ni kupima kutoka sehemu ya ndani kabisa ya mpini, pale unapokaa mkono, hadi kikato cha mkia wa mshale upote ukiwa umevutwa, kisha kuongeza inchi 1.75. Anayepima nyumbani kwa rula bila kujua nyongeza hiyo huagiza upinde usio wake.

Mgawanyo ule ni makadirio, na mahali pa kuamulia ni kwenye mwili wenyewe. Upinde ukivutwa hadi ukutani na kichwa kikiwa wima, upote unapaswa kugusa ncha ya pua na kupita karibu na pembe ya mdomo. Mkono wa nyuma hukaa chini ya taya, na kigasha chake hufuata mstari wa mshale kama kwamba mshale umeendelea hadi kwenye kiwiko. Mkono wa mbele hunyooka bila kukakamaa. Mtu wa pili akisimama pembeni huyaona yote haya kwa dakika moja, na picha ya simu huyaona vizuri zaidi.

Kosa la kawaida ni mvuto mrefu kupita kiasi, na sababu yake inaeleweka: kila inchi inayoongezwa huongeza kasi ya mshale, na anayeanza huiona kasi kabla hajauona usahihi. Dalili zake hazijifichi. Kichwa huegemea nyuma kuukimbia upote, mkono wa kuvutia hupita sikio, bega la mbele hupanda juu, na kiwiko cha mkono ulioshika upinde hujifunga hadi upote ukiachiwa uuchape mkono na kuuachia alama ya zambarau. Mvuto mfupi mno nao una kasoro. Hukunja mkono wa mbele na kuzuia misuli ya mgongo isifanye kazi yake. Lakini upungufu wa nusu inchi husahihishika kwa mazoezi na kwa kitanzi kidogo cha kamba kinachofungwa kwenye upote, ilhali ziada ya nusu inchi huharibu kila mshale hadi itakapoondolewa. Fundi akisitasita kati ya vipimo viwili, kifupi ndicho bora.

Namna ya kubadilisha urefu hutofautiana, na hapa bei ya kwanza huweza kudanganya. Roda nyingine zina kipande cha chuma kinachozungushwa na kukazwa upya kwa spana ndogo ya pembe sita, kazi ya dakika chache. Nyingine hutaka kipande kingine kinunuliwe kwa kila inchi. Nyingine, hasa za pinde za mashindano, hutaka roda nzima ibadilishwe. Kijana ambaye bado anarefuka, au mtu mzima ambaye mkao wake utabadilika katika mwaka wa kwanza (na hubadilika karibu kwa kila mtu, kwa kuwa mabega hujifunza kushuka na kifua kufunguka), anahitaji ile aina ya kwanza. Viwanda vya Marekani hutengeneza pinde za kukua nazo kwa ajili ya watu hao. Bear Cruzer G2, kwa mfano, ilitengenezwa ikiwa na mvuto wa kurekebishwa kati ya inchi 12 na 30, na uzito kati ya ratili 5 na 70. Upinde unaofaa kila mtu haumpi yeyote ufanisi wa juu kabisa, na bingwa ataona kasoro hiyo. Anayeanza hataiona.

Kuna ubuni mwingine unaoliondoa swali hili kabisa. Upinde wa Genesis, uliotoka kwa kiwanda cha Mathews, una roda lakini hauna nafuu. Uzito wake, kati ya ratili 10 na 20, haushuki mwishoni, na hivyo hauna ukuta wa urefu mmoja: wanafunzi wa kimo tofauti hupokezana upinde huo huo darasani. Mpango wa ulengaji mashuleni ulioanza Kentucky mwaka 2002 ulijengwa juu ya chombo hicho. Kwa shule, au kwa familia yenye watoto watatu na upinde mmoja, ni vigumu kupata kilicho bora. Kwa mtu mzima anayetaka kujifunza kulenga akiwa ametulia ukutani, haufai.

Uzito wa mvuto hufuata, na hapa kiburi huwaumiza wengi. Ratili ndicho kipimo cha biashara hii. Ratili 40 ni kilo 18 na kidogo. Makocha wengi humwanzisha mwanamume mzima kati ya ratili 40 na 50, mwanamke kati ya 30 na 40, na mtoto chini ya 25. Makadirio haya hayamjui mtu wala bega lake. Jaribio linalomjua ni la kukaa kwenye kiti, miguu sakafuni, mshale ukiwa umewekwa na shabaha ikiwa mbele karibu, kisha kuunyoosha upinde usawa wa bega na kuuvuta moja kwa moja nyuma. Anayelazimika kuuelekeza upinde juu angani kisha kuushusha huku akivuta, au kuusukuma mbele kwa kifua kama anayefungua mlango uliokwama, amechukua uzito usio wake. Hilo si suala la heshima tu. Upinde ulioelekezwa juu ukifyatuka kwa bahati mbaya hutupa mshale mbali kuliko uwanja wowote wa mazoezi, na bega linaloinuliwa kwa nguvu likiwa limebeba mzigo huchanika kano ambazo hupona polepole.

Nafuu ya roda ndiyo inayowapotosha watu hapa. Mnunuzi huambiwa kwamba upinde wa ratili 70 humwachia ratili 14 tu mwishoni, na ratili 14 kila mtu anaweza kuzishikilia. Ni kweli, lakini kabla ya kufika huko hupita kilele cha 70, kila mshale, na mazoezi ya jioni moja huweza kuwa mishale 60 au zaidi. Misuli ya mgongo iliyo kati ya mafupa ya mabega huchoka kabla mwenyewe hajajua, na mikono huchukua kazi isiyo yake. Kuanzia hapo mwanafunzi hufundisha mwili wake makosa. Inafaa kukumbuka kwamba Shirikisho la Dunia la ulengaji wa pinde haliruhusu zaidi ya ratili 60 katika mashindano yake, na mabingwa wake, kwa umbali wa mita 50, huutafuta mduara wa 10 wenye upana wa sentimita 8 tu. Usahihi huo haukuletwa na uzito.

Upinde mmoja huweza kupunguzwa uzito kwa kulegeza bolti mbili zinazokaza mabawa kwenye kiwiliwili, sehemu ngumu ya kati yenye mpini. Pinde nyingi za watu wazima hushuka kama ratili 10 kutoka kilele chake. Unaoandikwa 60 huenda hadi 50. Kwa hiyo anayeona 45 inamfaa asinunue wa 60 akitarajia kuushusha, bali wa 50 atakaoupandisha. Bolti hizo hulegezwa kwa mizunguko sawa juu na chini, na kiwanda huandika kikomo. Kukivuka ni kuliacha bawa litoke mahali pake likiwa limebeba nguvu.

Swali la mkono wa kulia au wa kushoto huonekana dogo, na katika bunduki huenda ni dogo kweli. Kiwiliwili cha upinde wa roda hukatwa upande mmoja ili mshale upite katikati, na hakigeuziki. Kinachoamua ni jicho. Mtu huunganisha viganja viwili mbele yake na kuacha tundu dogo, hutazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha hufumba jicho moja moja. Jicho ambalo bado linakiona kitu ndilo linalotawala. Mwenye jicho la kulia huvuta kwa mkono wa kulia na kushika upinde kwa wa kushoto. Ambaye jicho na mkono wake havikubaliani hushauriwa kulifuata jicho, kwa kuwa anayeanza hana mazoea ya zamani ya kuyavunja.

Baada ya hapo hubaki vipimo vinavyojaza karatasi za matangazo, na vinaweza kupitiwa upesi zaidi. Urefu kutoka ekseli ya roda ya juu hadi ya chini huwa kati ya inchi 28 na 40. Ulio mfupi hubebeka porini, ulio mrefu hutulia mkononi, na upote wake haupindi kwa pembe kali usoni. Inchi 32 hadi 34 humtosha anayeanza, isipokuwa awe na mvuto mrefu. Nafasi kati ya mpini na upote uliotulia huwa inchi 6 hadi 7 na zaidi kidogo. Ikiwa ndogo, upote husukuma mshale kwa safari ndefu zaidi na kasi huongezeka, lakini mshale hukaa upoteni muda mrefu zaidi ukipokea kila mtetemeko wa mkono. Inchi 7 ni rafiki wa mkono usiozoea. Nafuu ya asilimia 75 hadi 80 inatosha. Zipo za 90, na zinapendwa na wawindaji wanaosubiri mnyama ageuke, ila uzito mdogo mno ukutani humfanya mwanafunzi alegee na upote kusogea mbele bila yeye kujua.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi haifai kumshawishi mtu yeyote anayeanza. Hupimwa kwa upinde wa ratili 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350, karibu gramu 23. Kila inchi ya mvuto inayopungua huondoa karibu futi 10 kwa sekunde. Mtu wa inchi 27 na ratili 45 hataiona kasi ile maishani mwake, na hana haja nayo: karatasi ya shabaha iliyo mita 20 mbele haikimbii.

Bei ya upinde mtupu si bei ya kurusha mshale. Huhitajika kiegemeo cha mshale, kilengeo chenye vijiti vya rangi kwa umbali mbalimbali, tundu la kuchungulia lililofumwa ndani ya upote, podo, na kifyatulio, yaani kijimtambo kinachoshika upote badala ya vidole. Kwa mwanzo, kiegemeo cha duara lenye nywele kama za brashi hushinda vile vya kisasa vinavyoanguka mshale ukitoka, kwa sababu hushikilia mshale hata upinde ukilalia upande. Kifyatulio cha kufungwa kwenye kifundo cha mkono hakipotei. Viwanda vingi huuza upinde ukiwa na vifaa hivi tayari, na mkusanyo huo kwa kawaida ni wa daraja la chini kuliko upinde wenyewe. Si vibaya. Kilengeo cha bei nafuu hubadilishwa baadaye. Urefu wa mvuto uliokosewa humfuata mtu kila siku.

Mishale ndiyo isiyopaswa kununuliwa kwa pupa. Namba iliyoandikwa juu yake, kama 500 au 400, ni kipimo cha ugumu: mshale uliolazwa juu ya vihimili viwili vilivyoachana inchi 28 na kutundikiwa gramu 880 katikati hubonyea kwa sehemu hizo za elfu za inchi. Namba ndogo ni mshale mgumu. Upinde wa ratili 45 na mvuto wa inchi 27 hukubaliana vizuri na 500, na jedwali la kiwanda ndilo la kuamua. Uzito wa mshale usiwe chini ya greni 5 kwa kila ratili ya upinde, kwa sababu mshale mwepesi mno haubebi nguvu iliyoachiwa, nayo hurudi kwenye roda na mabawa. Kufyatua upinde mtupu ni hali hiyo hiyo iliyofikia ukomo: upote huruka rodani, mabawa hupasuka, na vipande havichagui pa kwenda. Kwa sababu hiyo, mtu huvuta upinde dukani mshale ukiwa umewekwa, akitazama shabaha. Mshale wa kaboni nao hupindwa kwa mikono na kusikilizwa kabla ya kila mazoezi, unaolia hutupwa.

Upinde wa mtumba unaweza kuwa ununuzi mzuri kwa mwenye jicho. Pamba ikipitishwa juu ya mabawa hunasa kwenye ufa ambao macho hayauoni. Roda zitazamwe kwa nyuma kama zimenyooka, na muuzaji aulizwe kama kiwanda bado kinauza vipande vya urefu wa mvuto vya toleo hilo. Upote na kamba za pembeni hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na hapa kuna jambo ambalo mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam anapaswa kulipima kuliko yule wa Kentucky. Upinde wa roda hauvuliwi upote kwa mkono. Huwekwa kwenye jiliwa maalumu linaloyabana mabawa hadi kamba zilegee, na anayejaribu bila jiliwa hujiumiza. Aliye mbali na fundi ni afadhali achague toleo lililoenea, anunue seti ya akiba ya kamba pamoja na upinde, na aulize mapema masharti ya forodha na ya polisi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo huko upinde huu ni wa shabaha tu, na mabishano ya wawindaji wa Marekani kuhusu ratili 70 hayamhusu mtu.

Upote mpya hunyooka kidogo katika mishale mia mbili au tatu ya mwanzo. Tundu la kuchungulia hugeuka kando, na urefu wa mvuto huweza kuhama. Mwenye upinde mpya atenge siku ya kuurudisha kwa fundi baada ya mishale hiyo, apimwe tena akiwa amesimama kama anavyosimama sasa, si kama alivyosimama siku ya kununua.